Kabla ya Kuichoma, Mwulize Aliyeichora

Mwanangu wa Tunduma, barua yako ni ndefu, na mwishoni umeomba radhi kwa urefu huo. Usiombe. Mtu aliyebeba jambo peke yake tangu mwaka jana hawezi kulimaliza kwa mistari mitatu.

Nilirudie jambo lako, ili na wasomaji wengine wavute viti. Mdogo wako wa kiume, kijana wa miaka ishirini na ushee, aliugua akili mwaka jana. Alianza kwa kukosa usingizi, zikafuata sauti alizozisikia yeye tu, mpaka siku moja akakatiza foleni ya malori pekupeku akaelekea Nakonde, upande wa Zambia. Mkampeleka hospitali ya rufaa Mbeya, akalazwa, akatulia, akarudi na dawa zake. Sasa yuko nyumbani. Anakula, anafagia uwanja, hagombani na mtu. Ila anachora. Anachora kwa mkaa na mabaki ya rangi za makopo, juu ya maboksi ya sabuni yanayotoka dukani kwako. Maboksi yakiisha anahamia ukutani. Anachora malori, na kila lori lina macho.

Mama yenu haingii chumba kile jua likishazama. Mtumishi mmoja wa maombi amesema macho yale ni mlango wa mapepo, kwa hiyo yateketezwe. Na wakati huohuo dereva mmoja, mteja wako, ameyaona maboksi, ameyapenda, anataka kununua matatu. Umebaki katikati, unaniuliza: nichome, niuze, au nifiche?

Maswali matatu hayo, mwanangu, na yote ni ya maboksi. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipoandika, "Nilimwuliza, akanijibu hivi." Sijapaona. Umemwuliza mtumishi, umemwuliza mama, umemwuliza dereva, na sasa umeniuliza mimi ambaye sijawahi kuliona hata lori moja. Mwenye mkaa mkononi anakaa chumba cha pili, na hakuna aliyegonga mlango wake. Sikulaumu. Mtu akishaitwa mgonjwa wa akili, hata wanaompenda huanza kumzungumzia kana kwamba hayupo. Lakini tuanzie hapo.

Unasema, "Huu uchoraji ameuleta ugonjwa." Kweli? Ukurasa wa pili wa barua yako unakuumbua. Umeandika kwamba kabla ya kuugua alikuwa akijifunza kazi kwa fundi wa mabango, na kwamba ubao wa saluni ya jirani yenu aliuandika yeye na mpaka leo wateja wanausifia. Kumbe mkono ulikuwepo. Ugonjwa umemkuta nao, na baada ya hospitali amerudi nao. Mimi ningekuwa wewe ningefurahi kwamba kuna kitu alichokuwa nacho zamani ambacho hakikuibiwa.

Nikupe mfano wa mbali kidogo. Uingereza, zama za Malkia Victoria, alikuwepo mchoraji aitwaye Richard Dadd, aliyezaliwa mwaka 1817. Alisomea uchoraji katika shule ya Royal Academy jijini London, na jina lake lilikwisha kuanza kujulikana. Mwaka 1842 mwanasheria mmoja alimchukua kama mchoraji wake wa safari, wakazunguka hadi Misri na nchi za jirani. Alirudi akiwa ameharibikiwa, akiamini kwamba Osiris, mungu wa Wamisri wa kale, ndiye anayempa amri. Agosti 1843 alimwua baba yake mzazi.

Najua sentensi hiyo imekushtua. Sikuiandika ili ukose usingizi. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa, na wewe mwenyewe umeniandikia juu ya watoto wanaomrushia mdogo wako mawe kule karibu na reli huku wakimwita chizi. Nimemtaja Dadd kwa yaliyofuata. Alipelekwa hospitali ya Bethlem mwaka 1844, akahamishiwa Broadmoor mwaka 1864, akafia huko mwaka 1886. Ni zaidi ya miaka 40 ndani ya kuta, na muda huo alichora. Picha yake maarufu kuliko zote aliifanyia Bethlem, kwa miaka kama 9, baada ya msimamizi mmoja wa hospitali kumwomba amchoree. Ni picha ya mkata kuni aliyeinua shoka apasue njugu, amezungukwa na umati wa viumbe vidogo vya hadithi, kila kimoja na sura yake, kila jani na mshipa wake. Ina sentimita 54 kwa 39 tu, unaweza kuibeba kwapani. Leo iko katika jumba la sanaa la Tate, London, na watu hupanga safari kwenda kuiona.

Kwa Dadd tunajifunza mambo mawili, na naomba uyashike yote mawili. Kwanza, utulivu wa kuchora jani moja baada ya jingine kwa miaka 9 si kazi ya pepo wala ya sauti zinazoamrisha. Ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Pili, kuchora hakukumponya. Alichora vizuri mpaka uzeeni na hakurudi nyumbani. Zama zile dawa ya ugonjwa wake haikuwepo. Ya kwanza ya namna hiyo, chlorpromazine, ilianza kutumika mwaka 1952. Mdogo wako anacho kile ambacho Dadd hakukipata: vidonge mezani na tarehe ya kliniki kwenye kadi. Kwa hiyo asije mtu akakuambia, "Muache achore tu, itamtoka yenyewe." Achore, na dawa anywe.

Sasa lile linalokunyima raha hasa. Umeandika kwamba malori ya mwanzo yalikuwa na macho mawili, ya sasa yana macho mengi, hata kwenye matairi, na wewe unasoma humo kwamba ugonjwa unapanda. Umejifanya daktari wa maboksi, mwanangu! Usione haya, hata madaktari wa kweli wamewahi kuteleza hapohapo.

Alikuwepo Mwingereza mwingine, Louis Wain, mchoraji wa paka. Paka wake waliovaa suti na kunywa chai walijaa kwenye magazeti na kadi za Krismasi. Mwaka 1924 aliugua akafikishwa hospitali ya Springfield, kwenye wodi ya masikini. Wapenzi wa kazi zake walipogundua alipo walichangisha fedha, mwandishi H. G. Wells akiwa miongoni mwa waliomtetea, akahamishiwa Bethlem na baadaye Napsbury, mahali penye bustani na paka wa kweli. Alifariki mwaka 1939. Daktari mmoja, Walter Maclay, alipata picha zake kadhaa dukani, akazipanga kwa mstari: huku paka wa kawaida, katikati paka wenye macho makali na rangi zinazowaka, mwisho paka waliogeuka kuwa nakshi tupu. Akasema, tazameni akili ya mtu inavyosambaratika hatua kwa hatua. Mstari ule ukaingia kwenye vitabu vya kiada, wanafunzi wakaufundishwa kama ushahidi.

Tatizo ni dogo tu: picha zile hazikuwa na tarehe. Mpangilio ulikuwa wa daktari, haukuwa wa Wain. Na Wain aliendelea kuchora paka wa kawaida hata akiwa hospitalini. Nakshi zile huenda zilikuwa majaribio ya mchoraji aliyekulia katika nyumba ya wafanyabiashara wa vitambaa. Basi nakuomba kitu kimoja rahisi: nyuma ya kila boksi, mwombe aandike tarehe. Na wewe acha kupanga mstari kichwani mwako. Lori la macho mengi linaweza kuwa dalili, linaweza kuwa ufundi umekua, na linaweza kuwa siku hiyo rangi nyeupe ilikuwa nyingi kwenye kopo.

Kuhusu mtumishi nitasema kwa heshima, maana najua alikuja kuomba mlipokuwa hamna pa kushika, na jambo hilo halisahauliki. Maombi na dawa havigombani, aendelee kuwaombea. Lakini macho kwenye chombo cha safari si mageni kwetu. Nenda pwani: mafundi wa majahazi wa Lamu wamekuwa wakiweka jicho kila upande wa omo tangu enzi za mababu, na wenye majahazi hao ni watu wa swala tano. Na huna haja ya kwenda mbali hivyo. Simama mbele ya duka lako asubuhi, utazame foleni inayongoja kuvuka mpaka. Utaona simba, tai, majina ya watoto, aya za vitabu vitakatifu na macho yaliyochorwa juu ya taa. Kijana aliyekulia Tunduma, aliyelala tangu utotoni kwa mngurumo wa malori, aliyefundishwa kazi na fundi wa mabango, ulitaka achore nini? Meli?

Inawezekana macho yale yana maana nzito zaidi. Pengine ni usiku ule alipokatiza foleni akaona taa zote zimemkodolea. Mimi hapa nakisia tu, na wewe huna haja ya kukisia, kwa sababu mwenyewe yupo.

Hili la kumwuliza lina historia yenye uchungu. Mwaka 1837 mwalimu wa muziki aitwaye Mary Frances Heaton, wa Doncaster kaskazini mwa Uingereza, alisimama hadharani akamdai kasisi ada ya masomo ya muziki aliyomfundisha binti wa kasisi huyo. Akaonekana amerukwa na akili, akafungiwa katika hospitali ya Wakefield, akakaa humo zaidi ya miaka 30. Hakuwa na wa kumsikiliza, akachukua sindano. Alidarizi maneno kwenye vitambaa, mstari kwa mstari, akieleza kisa chake na kuwaandikia wakubwa wa nchi. Waliomtunza waliona kazi ya mikono ya mgonjwa. Zaidi ya karne moja baadaye watu wakasoma kilichoandikwa, wakakuta mwanamke anayedai haki yake. Kama kuna mtu angekaa naye chini akamwuliza, "Mama, unashona nini?" angejua siku ileile.

Sasa, nifiche? Naielewa aibu unayoiogopa. Nchi hii neno Mirembe limekuwa tusi la vijiweni. Mtu akikosea hesabu ya chenji anaambiwa apelekwe Dodoma. Tunasahau kwamba Mirembe ni hospitali ya akili ya huko Dodoma, iliyojengwa tangu miaka ya 1920, na kwamba waliopita pale wako kwenye ofisi, kwenye madarasa na kwenye malori hayohayo unayoyaona. Kule Lutindi, milimani Usambara wilayani Korogwe, iko hospitali ya akili ya tangu enzi za Wajerumani, leo iko chini ya kanisa la KKKT, na kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya tiba yake. Wala wazo hilo si geni duniani. Daktari W. A. F. Browne, aliyesimamia hospitali ya Crichton kule Dumfries, Uskoti, kuanzia mwaka 1838, aliwapa wagonjwa karatasi na rangi, wakacheza michezo ya kuigiza, na kuanzia mwaka 1844 wakawa na gazeti lao wenyewe. Michoro yao aliitunza. Kama daktari wa karne ya 19 hakuona haya, wewe wa leo mwenye simu ya kupiga picha unaficha nini?

Kwa wakoloni wetu hali ilikuwa nyingine. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akilinganisha akili ya Mwafrika mzima wa afya na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mtu mwenye fikra hiyo hawezi kuokota boksi la mgonjwa wa Kiafrika akajiuliza limesema nini. Hao walitudharau na wameondoka. Tusiendeleze kazi yao majumbani mwetu kwa moto wa mkaa.

Tumfikie dereva. Umeniuliza kama ni dhambi kuuza. Si dhambi kuuza, ni dhambi kuuza kisicho chako. Boksi lilikuwa lako. Lori lililo juu yake ni la mdogo wako. Mjini Heidelberg, Ujerumani, daktari Hans Prinzhorn alikusanya takriban kazi 5,000 za wagonjwa mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nyingi zikitumwa na wakuu wa hospitali mbalimbali, na mwaka 1922 akatoa kitabu kilichowashangaza wachoraji wa Ulaya. Alikuwa na nia njema. Lakini mkusanyiko ukishatoka mikononi mwa wenyewe, anayekuja baadaye hufanya atakalo. Utawala wa Hitler ulichukua baadhi ya kazi hizo, ukazitundika kwenye maonyesho ya kuikejeli sanaa ya kisasa, watu wapite wacheke. Punde tu utawala huohuo ukaanza kuwaua wagonjwa wa akili, na baadhi ya wachoraji wa mkusanyiko ule wakawemo. 

Kwa hiyo mwambie dereva asubiri, kisha ukae na mdogo wako. Mwambie yupo mtu anayetaka kununua. Anataka kuuza? Lipi, na lipi hapana? Kwa bei gani? Jina lake liandikwe au lisiandikwe? Fedha iingie mkononi mwake, hata kama mtakubaliana umtunzie. Na dereva akianza kusema anataka "picha za yule chizi" apeleke Lusaka wenzake wacheke, mwambie kwa ustaarabu kwamba bei ni ya picha na kisa cha ugonjwa hakiuzwi. Mteja wa kweli hatakasirika.

Usije pia ukaegemea upande wa pili, ukaanza kumsukuma achore kila siku kwa sababu umeona noti. Umeniandikia kwamba dereva alitaja bei nzuri, na kalamu yako hapo ilikimbia kidogo, niliiona. Siku akiamka hataki kuchora, akataka kukusaidia kupanga bidhaa au kulala tu, iwe sawa. Na boksi likiwa baya, mwambie ni baya. Mtu aliyetoka hospitali anachoka sana kusifiwa kama mtoto.

Kuhusu mama, mpe haki yake, maana nyumba ni yake pia. Kubalianeni ukuta upi ni wa kuchorwa na upi hapana. Sebuleni malori yasiingie kama mama hapendi. Akubali au akatae akiwa amekaa na mwanawe, asimkimbie. Nadhani akisikia kwa mdomo wa mtoto wake macho yale ni ya nini, giza la chumba kile litapungua.

Mwisho, nikueleze lini uwe na wasiwasi wa kweli. Mtazame mtu, maboksi yaache. Akianza tena kukesha usiku mfululizo, akikataa chakula, akificha dawa, akizungumza na asiyeonekana kwa hofu, akijifungia au akisema maneno ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, usingoje tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali ya mkoa pale Vwawa, au Mbeya kwa waliomtibu. Na kama siku moja mchoro wenyewe utakutia hofu kwamba anawaza kufa, mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizi mtu wazo, humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo. Na siku ya kliniki mwambie abebe boksi moja au mawili kama yeye mwenyewe anapenda daktari ayaone.

Basi jibu langu ni hili, mwanangu. Usichome, usifiche, na usiuze mpaka mwenyewe aseme. Mnunulie madaftari makubwa na penseli, maana ukuta wa mama una mwisho. Dawa zisikatizwe hata kama amekuwa mzima kuliko sisi. Na nyinyi wengine mnaosoma hapa, wa Tunduma, Vwawa na kwingineko, mkikutana na kijana wa namna hii njiani, waambieni watoto wenu wateremshe mawe, kisha mumsalimie kwa jina lake.